Safu ya Nne

Nilianza na kalenda ya mwaka uliokwisha,
ile ya duka la pembejeo, yenye picha ya trekta.
Niliigeuza mgongo, nikaitundika ofisini Isevya
kwenye msumari aliouacha mtaalamu.

Mtaalamu alikuja Machi na pazia lake jeupe
na mashine ya kurusha picha.
Siku tatu za chai na sambusa,
mishale ikiruka toka kisanduku hadi kisanduku.
"Kuanzia Jumatatu," alisema, "kila kitu kitabadilika."
Tulipiga makofi. Tulisaini mahudhurio.
Jumatatu ikaingia Tabora kama treni ya bara,
imechelewa,
ikatukuta vilevile.

Mwaka ule mizinga mia tatu ya wanachama wa Ipole
ilifika mitundu imeshapukutisha maua.
Tuliipanga chini ya miti
kama masanduku ya abiria waliokosa gari.
Nyuki walikuwa wamekwisha kuamua pa kuishi.
Taarifa ya mradi iliandikwa: Imetekelezwa.

Mimi Kalunde, karani wa stoo,
sina cheo cha kubadilisha kitu.
Nina kalamu, na ufunguo wa misumari.

Basi, safu ya kwanza: Lini.
Sikuongeza neno.
Fundi Mahona akija kuchukua mbao
namuuliza lini, naandika anachosema.
Wiki ya kwanza alisema, "Karibuni."
Nikaandika: karibuni.
Wiki ya pili akalikuta neno lake ukutani,
akakuna shingo, akasema,
"Futa. Weka tarehe kumi na nne."

Nilikaa na safu moja miezi miwili.
Meneja Msabila alipita, akaitazama
kama mtu atazamavyo mche wa jirani:
hakumwagilia, hakung'oa.

Safu ya pili: Nani.
Hapo palitimka vumbi.
Walitaka niandike "kamati."
Nikawaambia kamati haina namba ya simu,
kamati haiugui malaria, haifiwi,
haiwezi kuja kesho kuniambia nimeshindwa.
Nataka jina moja.
Nyamizi wa nta alitoa lake kwanza,
kwa herufi kubwa kama za ubao wa stesheni.

Haba na haba, husema watu, hujaza kibaba.
Hawasemi kibaba kimeshikwa na nani
wala kimetoboka wapi.

Ndiyo safu ya tatu: Kimekwama wapi?
Ilikaa tupu wiki nne.
Kukwama ni aibu, hata kwa lori.
Hadi Mihayo dereva, ambaye vikaoni husinzia,
alipochukua kalamu bila kuombwa:
"Kila Jumanne naenda Ipole kuleta asali.
Kwenda, lori linakwenda tupu."

Tulisoma mara mbili.
Miaka sita lori lilikuwa likibeba upepo
kupita mbele ya mizinga inayosubiri usafiri.
Hakuna aliyeficha.
Hakuna aliyeulizwa.

Mwaka huu mizinga imechelewa siku nne.
Najua, siku nne nazo ni kuchelewa.
Mwaka jana zilikuwa arobaini.
Mahona bado hukosa tarehe, ila siku hizi
huja mwenyewe kuniambia kabla haijafika.
Ipole wamepiga simu: mizinga sitini na moja
imepata wapangaji.
Sitini na moja, kati ya mia tatu.
Nimeandika hivyohivyo.

Kalenda imejaa, pembe zimejikunja,
trekta upande wa pili linalima ukuta.
Jana nimechora mstari mwingine.
Nyamizi anataka safu iitwe Tumejifunza nini,
Mahona anasema jina hilo halienei,
Mihayo, macho nusu wazi, anasema
tuikalie kwanza.

Tunaikalia.