Nauvuta Kwanza

Mei, Newala, ukungu haujaamua kuondoka.
Nimeingia dukani kwa Mshamu Nachundu
na hela ya sare za shule, imekunjwa mara nne,
na orodha nyuma ya risiti ya mbolea:
sindano, mafuta, bobini, uzi,
na kitu cha kujaza katikati.

Sindano kwanza. Ananianzishia namba kumi na moja.
Hiyo, namwambia, ni ya magauni ya harusi.
Mimi napita tabaka tatu:
juu viraka, kati joto, chini merikani.
Nipe kumi na sita, nipe pakiti nzima,
maana sindano ya mfarishi haizeeki,
inakufa ghafla,
tena usiku, tena imebaki pembe moja.

Cha kujaza, ameniletea sponji.
Nyeupe, nyepesi, imejaa maringo.
Nikaibana kiganjani, nikaiachia:
ikarudi ilivyokuwa, haijajifunza kitu.
Sufi naijua, mama alijazia mito;
laini, lakini ina miguu,
ukiamka asubuhi yote imehamia nyayoni.
Hapana. Nitapita kwa Asiatu wa mitumba
nichukue blanketi lililofuliwa mpaka likasahau rangi.
Kilichokwisha kunywea
hakitanywea tena mikononi mwangu.

Kuna mguu wa cherehani, nasikia,
unaotembea na kitambaa, juu na chini kwa pamoja.
Uko Masasi. Bei yake bei ya mbuzi.
Nimekata mpira wa ndani wa baiskeli,
pete nne, nimevisha vidole,
na kitambaa kinanifuata
kama mtoto aliyeahidiwa andazi.
Mlango wa stoo nao nimeung'oa,
umelala juu ya madebe ubavuni mwa cherehani,
mzigo usining'inie ukavuta sindano.
Panya wanaingia stoo watakavyo. Waingie.

Sasa uzi.

"Huu elfu moja tu, mama, rangi zote zipo."
Simjibu. Navuta urefu wa mkono,
nazungusha vidoleni, nashtua:
umekatika kabla sijakasirika.

Miaka sita iliyopita nilinunua uzi kwa macho.
Mwekundu wa pilipili, bei ya bure.
Nikamshonea Sijaona, dada yangu wa Kitangari,
mfarishi wa viraka mia na kumi
alipojifungua mapacha.
Fua ya tatu, mishono ikaanza kufumuka
kimyakimya, kama watu wanaotoka mkutanoni
mmoja mmoja, wakiinama mlangoni.
Hakuniambia. Nilikwenda mwenyewe nikaukuta kitandani,
ameushikiza kwa uzi mweusi, kwa mkono,
mishono mirefu ya mtu aliyechoka.
"Unapumua tu," alisema,
"ndiyo maana haunuki jasho."
Nikacheka naye.
Njia nzima ya kurudi sikuiona barabara.

"Mama, uzi ni uzi. Hufungi ng'ombe."
Nipe ule wa juu kabisa, wenye vumbi.
Anapanda stuli, anaguna, anapuliza,
vumbi linatuangukia wote wawili.
Nauvuta. Nauvuta tena, kwa hasira ya zamani.
Umenichana kidole, wenyewe mzima.
Huo. Roli tatu.

Hela ya sukari imekwenda humo, na ya chaki pia;
nitachora mistari kwa kipande cha sabuni,
kilichobaki kwenye kisahani cha bafuni,
chembamba kama ukucha.

"Lakini ni kijivu tupu," Mshamu ananionya,
"rangi nyingine waliacha kuleta."
Kijivu sawa.
Mapacha wameshajua kuuliza maswali;
wakitaka kujua kwa nini mfarishi mpya
una mistari ya majivu kutoka pembe hadi pembe,
Sijaona atapata la kuwaambia.
Kwa hilo, hajawahi kukosa.