Meli ya Iyumbu

Saa nne usiku, MB zimebaki mia na themanini,
mtoto kalala kichwa kikiwa miguuni petu,
Ndahani ananipa simu: Haya, fungua, twende tukanunue.

Tunaanza na za bei ndogo, kwa adabu.
Ya Kisasa, milioni mia nne, simba wawili wa saruji getini,
mmoja kapakwa rangi, mwenzake wa kijivu mpaka leo.
Fundi hakumaliziwa hela, anasema Ndahani. Huondoka hivyo hivyo.
Ya Njedengwa ina bwawa lenye umbo la gitaa
na kitanda cha duara. Shuka lake hutandikwaje?
Ya Ilazo ina mabafu saba.

Saba!
Mimi ninayesugua vyoo vya ofisi kule Mtumba
marumaru sikuziona, niliona magoti yangu.
Mabomba ya rangi ya dhahabu, kumi na manne, nimeyahesabu.
Hakuna picha hata moja inayoonyesha maji yakitoka.
Yeye, mfyatua tofali, yuko uwanjani na pevingi:
Elfu sita hivi. Mbili zina ufa, hapo karibu na ngazi.

Halafu ikaja meli.
Iyumbu, ghorofa tatu, ina pua, ina madirisha ya duara,
usukani uko juu ya paa,
nanga ya chuma imefungwa kwenye mgunga.
Pembeni vumbi jekundu, na mbuzi wa jirani
kaingia kwenye picha bila kualikwa.
Nani alimtabiria gharika mtu huyu, Dodoma hii?
Tulicheka mpaka mwenye nyumba, huyu wetu wa kweli, akagonga ukuta.

Bilioni moja na nusu. Hati ipo. Maongezi yapo.
Kupelekwa kuiona elfu thelathini, hairudishwi.

Tukaacha kucheka, tukahamia.
Mtoto tukampa chumba cha puani.
Kochi letu tuliliacha Nkuhungu kwa aibu.
Nikapanda mzabibu sitahani, utambae kwenye vyuma.
Ndahani akasema, Mama atakaa chini, karibu na choo, magoti yanamsumbua.
Chini ni stoo yangu, nikasema.
Stoo? Una nini cha kuweka stoo?
Na mama yangu je?
Mama yako ana kwake Mvumi.
Na wako hana kwake Kongwa?
Basi. Ikatajwa harusi ya dada yake.
Likatajwa godoro la mwaka juzi, ambalo nilidhani limesahauliwa.
Vyumba tisa havikututosha.
Tukapeana migongo
katika futi kumi kwa kumi na mbili, elfu hamsini kwa mwezi,
chumba kisicho na nafasi hata ya kununa.

Saa tisa bomba la uani likakohoa.
Mgao.
Milango ikafunguka yote, ndoo zikagongana, mtu akamtukana mtu kwa sauti ya chini.
Ndahani alitoka kabla yangu.
Nilimsikia kwenye foleni akijaza zetu mbili
na dumu la Mama Mazoya, ambaye wiki hii hainuki.
Akarudi miguu imelowa.
Akatua ndoo ya mwisho, akasema na giza:
Mama yako akae juu. Kule kuna upepo.
Na yeye magoti hana, nikasema.
Akafikiri, mtu mzima, saa tisa na nusu za usiku.
Tutaweka lifti.

Asubuhi, nikisubiri gari la Mtumba, nikafungua tena.
Juu ya pua ya meli wameandika kwa wino mwekundu: IMEUZWA.
Mbuzi bado yupo.
Nilisimama pale barabarani
kama mtu aliyekuta vyombo vyake nje, sufuria juu ya godoro,
majirani wakipita wanasalimia.

Ndahani sijamwambia.
Ameniuliza mara mbili, akila, kama hataki kuuliza:
ile meli vipi?
Namjibu maongezi yapo.