Fundo la Tatu

Saa kumi na nusu alfajiri, Kumbakonam.
Migomba miwili imefungwa mlangoni na mikungu yake mibichi,
na mtu fulani amekanyaga maua ya unga wa mchele
yaliyochorwa kizingitini na mdogo wake bibi arusi.
Naanza na hiyo: wayo, vidole vitano, ua lililofutika nusu.
Hawataitaka. Naipiga.

Ukumbi unanuka samli, asumini, jasho la wapishi.
Shangazi wanne wanamvuta Thenmozhi nywele.
"Tazama huku, mwanangu." Hatazami.
Ana usingizi. Tangu jana amekula ndizi moja.
Mwanga ni haba; nafungua lenzi hadi mwisho
na kuuomba mkono utulie.

Lenzi hii niliinunua kwa dhahabu.
Sisemi kwa mafumbo: vipande viwili
vilivyokaa kwenye uzi wa manjano shingoni mwangu
miaka kumi na mmoja, hadi siku ya pikipiki na lori la miwa.
Ndugu zake waliukata uzi.
Sonara alipima, akapiga chafya, akalipa.

Kwa hiyo najua ninavyotazamwa.
Saa njema ikifika, mjane hasogei jukwaani;
hukaa nyuma, karibu na masufuria,
hula akikaribishwa.
Lakini kamera haijafiwa na mtu.
"Nipisheni," nasema, nao wananipisha,
Mama Visalakshi akigeuza uso
kama aliyekatiziwa njia na paka.

Kuhani anamwaga samli, moto unaruka,
machozi yananitoka. Tuseme ni moshi.
Mzee Sundaresan amempakata bintiye wa miaka ishirini na saba;
magoti yanamtetemeka chini ya hariri,
naye anatabasamu kama mtu aliyebeba gunia
asilotaka kulitua.

Kidole cha kuhani juu, na ngoma zinalipuka,
ngoma zote na zumari zote,
ili chafya isisikike, wala neno la nuksi.
Mchele wa manjano unatunyeshea.
Ilango anafunga fundo la kwanza,
la pili,
la tatu ni la dada yake,
na dada yake amekwama nyuma ya mjomba aliyeinua simu.

Uzi unaning'inia.
Vidole vya Ilango havijui pa kwenda.
Aliye karibu ni mimi. Shubiri mbili, hazizidi.
Na fundo lile nalijua: usiku mwingi
nililipapasa kisogoni, gizani, bila sababu.
Thenmozhi anafumbua macho,
ananitazama mimi, si lenzi,
na kuinamisha shingo, kidogo tu, upande wangu.

Sifungi.
Namshika mjomba shati, namvuta kwa nguvu zangu zote.
Dada anapita.

Picha ya fundo la tatu sina.
Nina hii, kidole kilibonyeza chenyewe:
mchele angani, kifungo cha shati,
jicho moja la bibi arusi lililo wazi kabisa,
na kona ya chini, ukungu ukungu,
mkono wangu.

Watauliza. Nitasema betri.