Fremu ya Arobaini na Moja

Alikuja na flashi ndani ya kitambaa,
kama mtu aliyefunga jino lililong'oka.
Mwanjelwa, saa mbili asubuhi, Juni,
ukungu haujaiachia Loleza,
nami nimeweka jiko la mkaa chini ya meza
ili vidole vikubaliane na kipanya.
"Humu kuna filamu," akasema, "ile iliyopigwa Uyole.
Marehemu Subilaga anapita nyuma ya steringi,
kabeba sinia la viazi. Nitolee yeye tu.
Mfanye mdogo, akae kwenye simu,
pale kwenye kiduara, juu ya jina langu."

Vya namna hiyo nimetengeneza vingi.
Vijana wa bodaboda hutaka sura ya jambazi,
shavu moja jekundu, la pili buluu.
Mwalimu wa kwaya alitaka bibi harusi anayelia,
akataka na machozi yang'ae zaidi.
Nakata, napaka, nabana:
sinema ya saa mbili inakuwa ukucha.
Shilingi elfu moja. Yenye maandishi, elfu na mia tano.

Subilaga alipita kwa sekunde tatu.
Picha sabini na tano; nikazipitia moja moja
kama anayechambua mawe kwenye mchele.
Ya tano, kisogo.
Ya kumi na nane, steringi kamziba
kwa bega la koti la kuazima.
Ya thelathini, kope zimeshuka, mdomo nusu ya neno.
Ya arobaini na moja
ameitazama kamera.

"Hapo walimgombeza," akasema dada mtu.
"Wewe wa viazi, usitutazame!
Wakasema watarudia. Mvua ikashuka, wakaacha."

Nikaanza rangi.
Ukungu wa Uyole huingia hata kwenye lenzi:
uso wa majivu, kitenge cha majivu.
Nikavuta wekundu kidogo tu
na damu ikarudi mashavuni.
Niliogopa. Nikaipunguza.
"Kitenge kilikuwa cha njano."
Njano ipi? Humu ninazo njano elfu.
Ya ndizi? Ya alizeti? Ya dumu la mafuta?
Akakunjua kile kitambaa cha flashi.
Tukatoka nacho nje, maana taa ya dukani hudanganya,
tukakishika huku na huku, tumeinama
kama wanunuzi wasioaminiana.
Kimefuliwa mpaka njano imekimbilia kwenye pindo.
Nikachukua ya pindo.

Halafu kukata.
Likaenda sinia, ikaenda miguu yenye matope,
akaenda kuku, ukaenda mlango wa buluu,
akaenda steringi na maneno yake ya mapenzi.
Kushoto, chini, kikabaki kiwiko
cha mtu fulani, sweta limetoboka.
Nikachota ukungu wa jirani, nikakifunika.
Safi. Nikamgeuzia kioo aone.

Akanyamaza.
Nje mnadi wa mitumba alikuwa ameshuka
hadi mia tano, mia tano, mia tano.
"Kirudishe," akasema.
"Nini?"
"Kiwiko. Ni changu.
Nilikuwa nampokea sinia."

Mashine hukumbuka kilichofutwa.
Nikarudi nyuma hatua nne, hatua tisa,
sweta likatokea na tundu lake.
Nikauliza kama nilizibe.
"Liache. Aliahidi kulishona."

Tatizo ni kwamba simu haina adabu:
ukiipa mraba, inakata pembe zote nne,
na kiwiko kilikuwa pembeni.
Sikumwambia. Nilivuta mkaa karibu na miguu yake,
nikarudi kwenye picha,
nikampunguza Subilaga, kidogo,
kidogo tena,
mpaka dada yake akatosha.