Mbuzi wa Msewe

Jumamosi nilizunguka na ramani:
fuvu la kale nyuma ya kioo, makumbusho;
tausi wa Ikulu niliwasikia tu, ukuta mrefu;
Daraja la Kigamboni nikalivuka kwa miguu,
upepo ukaninyang'anya kofia ya chuo.

Picha arobaini nikamtumia mama, Bukavu.
Jibu lake: "Na umekula?"

Nimekula, mama. Kwa Bi Mwatumu, Msewe:
wali wa nazi, kisamvu, ng'onda,
pilipili iliyonitoa kamasi
mbele ya darasa zima.
Siku ya kwanza aliniita mgeni.
Ya pili, "we Mkongo."
Ya tatu akasema, "Haya, kalia mbuzi."
Nikageuka kumtafuta mnyama.

Alicheka hadi mwiko ukamdondoka.

Sasa kila Ijumaa nakuna nazi,
vidole vimejaa chale,
nalipa nusu bei.