Uzito wa Hewani, Uzito wa Majini

Bibi Koskinen alilileta ndani ya soksi ya sufu,
soksi ya mguu mmoja, ya mwanamume,
akaliweka juu ya kaunta yangu hapa Timmins
siku theluji ilipofika kwenye kioo cha mlango.
"Niambie," akasema. Basi. Hakukaa.

Kwatzi, nyeupe kama tui la kwanza,
na katikati mshipa wa manjano
unakwenda, unakatika, unarudi,
kama mtu anayetafuta neno.
Sindano kwanza. Madini ya uongo hupukutika;
haya yalibonyea, yakanyamaza.

Hewani: gramu mia nne na kumi na mbili.
Kisha nikalifunga kwa uzi wa kushonea,
nikalining'iniza ndani ya bilauri ya maji,
lisiguse chini, lisiguse ukingo,
na mizani ikashuka hadi mia mbili sitini na sita na kitu.
Maji hayana hila. Kilichopungua ndicho kisemacho
jiwe ni kiasi gani, dhahabu ni kiasi gani.
Nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya petroli:
gramu thelathini na moja. Wakia moja, kasoro punje.

Nikamweleza: ukiliponda ukayeyusha,
utapata bei ya wakia, na jiwe hutalipata tena.
Ukiliacha zima, wapo watu wa Toronto
wenye kabati za vioo na taa ndogo ndogo;
hao hununua mshipa pamoja na weupe wake,
mara tatu ya hiyo, pengine nne.
Ukilipasua, umepasua bei.

Aliutazama uzi ukidondosha maji.
"Vipande viwili," akasema, "ndivyo wanavyotaka.
Reino na Arvo."
Mmoja ana deni la lori,
mwingine hana deni, ana kinyongo tu.
Baba yao alilitoa mgodini ndani ya chupa ya chai
mwaka walinzi walipopekua hata viatu,
na kwa miaka arobaini likakaa nyuma ya debe la unga
bila bei, na nyumba ikalala usingizi.

"Andika kidogo," akasema.
"Andika kiasi ambacho hakuna wa kukigombea."

Mimi mtoto wa Geita. Kaka zangu wawili
hawajasalimiana tangu mwaka wa shimo la tatu.
Lakini nina muhuri, na muhuri una jina langu.
Kwetu husema mali bila daftari hupotea bila habari;
hawakusema ipo mali ambayo, ikishaandikwa,
wanaopotea ni watu.

Nikaandika: hewani, 412. Majini, 266.6.
Rangi. Urefu wa mshipa. Tarehe.
Mstari wa thamani sikuugusa.
Nikagonga muhuri.

Aliisoma karatasi kwa kidole,
kikafika pale peupe, kikatulia.
Kisha akalivika jiwe soksi yake, bado limelowa.
"Unanidai?"
"Dola ishirini. Za kupima."
Akalipa kwa sarafu,
akazihesabu mara mbili.