Kipimo cha Nne

Mara ya tatu Volvo ya mama imefeli kipimo cha moshi.
Karatasi inasema mafuta yasiyoungua yamezidi;
haisemi kwa nini.

Hrayr amebadilisha plagi. Amebadilisha sensa.
Amebadilisha katalisti, mama akauza bangili ya harusi,
na gari likakohoa vilevile,
mficha maradhi asiyetaka kuumbuka.

Leo Fresno jua linalainisha lami.
Hrayr hagusi spana.
Anazima redio, anaomba sigara kwa jirani,
yeye aliyeacha zamani,
anavuta, anapuliza ndani ya bomba la hewa.

Mama anaguna: “Moshi tunao wa kutosha,
wewe unatuongezea?”

Tunainama vichwa vitatu chini ya boneti.
Hakuna kitu.
Anapuliza tena, macho yamemtoka.

Kisha, nyuma ya injini, pale mkono usipofika,
uzi mweupe unachomoza,
mwembamba kama wa kutungia shanga:
mpira wa dola mbili
umepasuka kwa ndani, miaka na miaka,
ukinywa hewa ya wizi.

“Na bangili yangu?” mama anauliza.

Hrayr anapima mpira mpya kwa kidole,
anaukata.
Anaukata tena, mfupi zaidi.